KURA TANO KILA KITUO



Mhariri ameniomba niandike maneno machache juu ya uchaguzi, kwa kuwa watu wameanza tena kuuliza habari za mwaka 2027, na wengine wameanza tena kununiana. Mimi si mwana siasa. Kazi yangu ni pampu ya maji katika shamba la mpunga huku chini mtoni, na ni mwaka wa kumi na moja sasa tangu wanachama waniweke kuwa mwakilishi wao kazini. Nitakayosema ni mawazo yangu, si ya chama. Anayetaka kunijibu, karatasi hii ni yake pia.

Nataka kuanza na ile wiki ya Agosti 2022. Tulipiga kura Jumanne tarehe 9. Mimi nilifika kituoni kabla ya alfajiri nikakuta mstari umekwisha pita ukuta wa shule. Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa. Wafugaji wengi walikuwa mbali na mifugo yao, na nilimwona mzee mmoja aliyetembea usiku kucha ili apige kura kisha arudi kwa ng'ombe wachache waliombakia. Mzee yule hakuwa na habari za Bomas wala za mashine. Alitaka kutia karatasi zake sita sandukuni, basi.

Baadaye tukangoja. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mpaka Jumatatu tarehe 15 jioni. Tajiri wetu aliogopa ghasia, akasema vibarua wote wakae nyumbani mpaka matokeo yatangazwe. Serikali ilikuwa imetoa siku moja ya mapumziko. Yeye akaongeza siku zake mwenyewe, na siku hizo hazikulipwa. Sisi wa pampu tulibaki kwa sababu mpunga hauna habari ya uchaguzi. Tulikuwa wawili katika kibanda, na redio moja.

Mwenzangu ni Muorma, mimi ni Mpokomo. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wasomaji wa huku wanajua maana yake, na wa matawi ya mbali nitawaeleza mbele kidogo. Yeye alikuwa wa William Ruto, mimi nilikuwa wa Raila Odinga. Wakubwa hawa wawili hakuna aliyezaliwa kando ya mto huu, lakini katika kibanda kile utadhani tulikuwa tunagombea urithi wa baba. Asubuhi redio ilisema wake anaongoza, mimi nikazima kwa kusingizia betri. Mchana ikasema wangu anaongoza, yeye akasema anasikia mlio mbaya katika pampu, akatoka. Vituo vya habari navyo vilikuwa vikihesabu kila kimoja kwa njia yake, hesabu hazilingani, na baada ya siku chache vingine vikaacha kabisa.

Jumatatu jioni marehemu Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume, akasoma: Ruto kura 7,176,141, Odinga kura 6,942,930. Kabla hajasoma, wanne kati ya makamishna saba walikuwa wamekwenda hoteli ya Serena kusema kwamba hawayakubali matokeo yale. Ndugu zangu, nisiwafiche: nilifurahi niliposikia habari ya wale wanne. Sikufurahi kwa sababu nilijua wana haki. Nilifurahi kwa sababu mtu wangu ameshindwa, na hapa kuna mlango.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Usiku wa tarehe 9, kura zilipokwisha hesabiwa katika kituo chetu, msimamizi alibandika Fomu 34A mlangoni, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nimeipiga picha kwa simu yangu. Katika siku zile za kungoja Tume iliweka fomu za vituo vyote katika mtandao, ili mtu yeyote azitazame. Baada ya matokeo kutangazwa nilikwenda Minjila kwa kijana mwenye duka la simu, nikamlipa, akanitafutia ya kituo chetu. Tukaweka picha yangu kando ya ile ya Tume. Tukasoma mstari kwa mstari. Jina la mgombea, tarakimu, sahihi za mawakala, kura zilizokataliwa. Zilikuwa sawa.

Nilitaka zisiwe sawa! Nilisimama pale dukani nimekasirika na karatasi. Kijana akaniuliza, mzee, sasa unataka nini tena? Sikuwa na jibu.

Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikasema uchaguzi ulikuwa halali, majaji wote saba kwa sauti moja. Mimi sikuridhika moyoni, na mpaka leo kuna mambo nasema Tume iliyafanya vibaya. Tume iliyogawanyika wanne kwa watatu mbele ya taifa zima si tume ya kusifiwa. Lakini kuhusu kituo changu siwezi kusema uongo. Mtu husema vizuri juu ya kile alichokiona.

Nikarudi kwenye pampu, na kwa kuwa usiku ni mrefu nilifanya hesabu. Tofauti ya wakubwa hawa ilikuwa kura 233,211. Nchi ilikuwa na vituo vya kupigia kura 46,229. Gawanya. Ni kura tano kila kituo, na kichele kidogo. Nilimwonyesha mwenzangu, akasema nimekosea, akagawanya mwenyewe, akapata tano. Kwa hivyo kama katika kila kituo watu watatu tu wangebadili nia yao, Rais angekuwa mwingine. Watatu! Zamu moja ya mfereji ina watu wengi kuliko hao. Na tazameni jambo jingine. Walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na waliopiga kura 14,326,641. Waliobaki nyumbani ni karibu milioni saba na laki nane, yaani wengi kuliko waliomchagua mshindi. Karatasi zilizokataliwa peke yake zilikuwa 113,614, karibu nusu ya ile tofauti.

Najua wengine watasema: sisi wa Tana River ni wachache, tungefanya nini? Ni kweli. Wapiga kura wa kaunti yetu nzima walikuwa kama 141,000. Tungekwenda wote upande mmoja tusingeijaza tofauti ile. Lakini hatukwenda wote upande mmoja. Ugavana tulimpa Dhadho Godhana wa ODM, useneta tukampa Danson Mungatana wa UDA, siku ile ile, katika masanduku ya vituo vile vile. Mtu anayesema watu wa kabila fulani au wa mto fulani hufuata kama mbuzi hajapata kusoma matokeo ya huku.

Sasa nieleze niliyoahidi. Wenzetu wa mbali wanapofikiri uchaguzi wa karibu-karibu, hukumbuka mwisho wa mwaka 2007. Na wana haki. Tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Odinga, akaapishwa jioni ile ile, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Tume ya Jaji Kriegler ikatazama hesabu za kura, ikasema zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Tazama tofauti ile: 231,728. Karibu ni ile ile ya 2022. Mwaka mmoja watu zaidi ya elfu wakafa, mwaka mwingine tukakwenda mahakamani. Mioyo yetu haikubadilika sana, nijuavyo mimi. Kilichobadilika ni karatasi ya mlangoni, ambayo mwaka 2007 mtu kama mimi hakuweza kuilinganisha na kitu chochote. Na karatasi hiyo haikuletwa bure. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilipaswa kuamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa katika jimbo hayawezi kubadilishwa Nairobi. Na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi mzima wa Rais kwa sababu fomu na njia ya kuzipeleka hazikuwa kama sheria inavyosema.

Waliolipa mwaka 2008 walikuwa nani? Wafanya kazi. Waliovamiwa katika nyumba za kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho walikuwa wachuma chai. Walivamiwa na watu ambao wengine waliwajua kwa majina, na miaka kumi baadaye kesi yao dhidi ya kampuni mama ikakataliwa katika mahakama ya London. Naivasha waliofukuzwa walikuwa watu wa maua. Sikusikia mwenye shamba aliyelala polisi na godoro lake kichwani.

Lakini sisi wa huku tuna mwaka wetu, na si 2007. Ni 2012. Tarehe 22 Agosti 2012 katika kijiji cha Riketa waliuawa watu zaidi ya hamsini, wengi wanawake na watoto. Septemba ikawa Kilelengwani, na askari polisi wakafa pamoja na raia. Desemba ikawa Kipao. Ugomvi ulikuwa wa zamani, wa mashamba ya mtoni na malka za kunyweshea ng'ombe, na kila ukame wazee waliumaliza kwa maneno au kwa fimbo. Mwaka ule ulikuwa mwingine, maana Machi 2013 tulikuwa tunakwenda kumchagua gavana wa kwanza, na kila mtu alianza kuhesabu vichwa: wao wangapi, sisi wangapi. Mimi siwezi kuapa nani alitoa fedha na nani alitoa bunduki. Ninachojua ni kwamba mwenzangu wa pampu alizika jamaa zake, na mimi nilizika wangu, na mwaka mzima tulifanya kazi zamu mbalimbali kwa amri ya mnyapara ili tusikutane. Tulikuwa tumekula chungu kimoja miaka sita kabla ya hapo.

Basi mtaelewa ile wiki ya Agosti 2022, watu wawili katika kibanda na redio moja, ilikuwa nini kwetu. Kila mmoja alikuwa anamsikiliza mwenziwe kuliko redio.

Jambo hili la kura chache kuwatia watu wazimu si letu peke yetu katika pwani hii. Januari 1961 kule Unguja na Pemba, Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu viti 9, ZPPP viti 3, na kiti kimoja cha Pemba, Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Ikalazimu kurudia uchaguzi mwezi Juni, na katika ghasia za Juni watu 68 wakafa. Wachukuzi wa bandarini na wachuma karafuu waliokuwa wakifanya kazi pamoja wakagawanyika mpaka kwenye visima na maduka. Wazee wa Lamu na Kipini wenye jamaa huko bado wanazo habari hizi.

Na hapa nataka kugusa jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya wakubwa wetu wa vyama, lakini mhariri amenihakikishia kwamba atalichapa. Mwaka 2022 viongozi wa juu wa COTU, naye Katibu Mkuu Bw. Francis Atwoli mbele, walisimama waziwazi na upande wa Azimio. Ulikuwa upande wangu mimi, kwa hivyo sisemi kwa kinyongo. Lakini katika shamba letu wanachama kumi na wawili walikuja kwangu kuomba ada yao isikatwe tena. Walisema: mwakilishi, chama hiki ni cha mshahara au ni cha Raila? Niliwajibu maneno mengi. Hawakurudi ila saba. Kisha Mei Mosi 2023 Rais aliyeshinda akawa jukwaani na viongozi wale wale, mambo yakaenda vizuri, na ni haki, maana chama lazima kizungumze na Serikali yoyote iliyoko. Lakini wale watano wangu hawakualikwa jukwaani. Wako nje mpaka leo, na mkataba ujao tutakwenda mbele ya tajiri tukiwa pungufu ya watu watano.

Wapo watakaonijibu kwamba chama cha wafanya kazi hakiwezi kukaa mbali na siasa, na watanitajia Tom Mboya. Sawa. Mboya alikuwa Katibu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya kazi alipoingia Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957, uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, na alimshinda Argwings-Kodhek Nairobi kwa kura zisizofika 400. Lakini tukumbuke siku zile zilikuwaje. Mwafrika alipimwa kwanza: ana elimu gani, ana mali gani, ana umri gani. Mmoja alipewa kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, na kibarua wa kawaida hakupewa hata moja. Miaka miwili baadaye, Machi 1959, hapa hapa Hola katika mto wetu, wafungwa 11 walipigwa wakafa kwa sababu ya kazi ya lazima. Chama kilipoingia siasa wakati ule kilikuwa kinadai kura ambayo mwanachama hakuwa nayo. Leo anayo, moja, sawa na ya tajiri wake. Kiongozi akisimama jukwaani akasema wafanya kazi wote wako kwa fulani, anatoa kitu ambacho si chake. Na aseme Bw. fulani amekubali madai yetu haya na haya, na Bw. fulani ameyakataa, kisha akae kitako, kila mwanachama aende na akili yake sandukuni. Hiyo kwangu ni siasa ya chama.

Maana matokeo yake yalipofika, hayakuchagua. Karatasi ya mshahara ilipoanza kuonyesha makato ya nyumba, asilimia 1.5, kwa sheria ya fedha ya 2023, karani hakumwuliza mtu alipiga kura ya nani. Oktoba 2024 ikaja ile ya afya, asilimia 2.75. Anayepata shilingi 15,000 hukatwa 225 hapa na 412.50 pale. Mwenzangu aliyekuwa wa Ruto alikatwa, mimi niliyekuwa wa Raila nikakatwa, na wale waliobaki nyumbani wakakatwa. Mafuriko ya 2024 nayo yalipofunga barabara ya Garsen yalikuta Mpokomo hana migomba na Muorma hana malisho.

Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Siku ile mwenzangu ndiye aliyekuja kuniambia, kwa miguu, kutoka upande wa pili wa mfereji, na alikaa nami mpaka zamu ikaisha. Hakusema neno la siasa. Nimeliandika hili kwa sababu nataka liwe katika karatasi.

Sasa kazi. Katiba imeweka uchaguzi ujao Jumanne ya pili ya Agosti 2027, ndiyo tarehe 10. Katika mkutano wa mwaka wa tawi nitaleta hoja tatu. Ya kwanza ni juu ya siku za kungoja: tudai katika mkataba kwamba tajiri akifunga kazi kwa hofu ya uchaguzi, kibarua alipwe siku hizo, kwa sababu hakuigoma kazi. Siku ambazo watu wetu walipoteza mwaka 2022 zilikuwa unga wa watoto, na wengine walikopa dukani, wakalipa deni lile mpaka karibu na Krismasi.

Ya pili, tawi lisitaje jina la mgombea yeyote wa Urais, wala kwa barua, wala kwa fulana, wala kwa kiongozi kupanda jukwaa akiwa amevaa kofia yetu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Wengi wa vibarua wetu wameandikishwa kwao, Bura, Kilifi, Mwingi, wengine mbali zaidi. Siku moja ya mapumziko haimtoshi mtu kwenda Bura na kurudi, na nauli ni mshahara wa siku kadhaa. Ndio hao walio ndani ya ile milioni saba na laki nane. Sheria inamruhusu mtu kuhamisha kituo chake. Naomba tawi lipange siku, mapema, lizungumze na ofisi ya Tume, na tajiri atoe ruhusa ya nusu siku ili watu wakahamishe majina. Na wale vijana wetu wanaojua simu, kila kituo kilicho karibu na shamba kiwe na mmoja atakayepiga picha ya Fomu 34A mlangoni usiku ule, mtu wa upande wowote, na picha zikae katika ofisi ya tawi mpaka kila mwanachama anayetaka azione.

Nimemsomea mwenzangu wa pampu hoja hizi. Ya kwanza na ya tatu ataziunga mkono. Ya pili anaikataa, anasema chama kisichotaja jina hakiogopwi na mtu, na ameniambia atasimama mkutanoni kuipinga mwenyewe.